Namna ya Kusoma Kitabu cha Historia kwa Jicho la Uhakiki na Kuutambua Msimamo wa Kisiasa wa Mwandishi

Zitazame sentensi hizi tatu: “Uhuru ulitolewa,” “uhuru ulipatikana,” na “uhuru ulitwaliwa.” Zote zinaweza kuandikwa kuhusu nchi moja na usiku uleule ambao bendera moja ilishushwa na nyingine ikapandishwa, na hakuna hata moja ambayo hakimu angeiita uongo. Hata hivyo, ya kwanza inamfanya mtawala aliyeondoka kuwa mkarimu, ya tatu inamfanya mtawaliwa kuwa mshindi, na ya pili, kwa kauli yake ya kutendeka, inaliacha tukio lijitokeze lenyewe kama mvua inyeshavyo, bila mtu wa kushukuriwa wala wa kulaumiwa. Mwandishi aliyechagua mojawapo ameshachukua upande kabla hajatoa hoja yoyote, na huenda yeye mwenyewe hakutambua.

Mwongozo huu unamlenga msomaji wa kawaida, asiye mtaalamu wa historia, ambaye anataka kunufaika na vitabu hivyo bila kuburutwa navyo. Msimamo wa kisiasa si kosa, na kuugundua si sababu ya kukitupa kitabu. Kila aliyeandika historia aliiandika akiwa amesimama mahali fulani, na mahali hapo ndipo palipoamua aliyoyaona kwa karibu na aliyoyaona kwa mbali. Swali lenye faida ni hili: mwandishi anaufanyia nini ushahidi unaoupinga msimamo wake? Je, anauleta mbele ya msomaji na kuujibu, anaupita haraka haraka, au anauficha? Hatua zote zinazofuata zinatafuta jibu la swali hilo.

Hatua ya kwanza: mchunguze mwandishi, kisha tazama mwaka

Mwanahistoria Mwingereza E. H. Carr alishauri mwaka 1961 kwamba msomaji amchunguze mwanahistoria kabla ya kuanza kuyachunguza mambo anayoyasimulia. Ushauri huo unamhusu Carr mwenyewe pia, kwa kuwa aliitumikia Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza kwa miaka 20 hivi, kisha akaandika historia ndefu ya Urusi ya Kisovieti, na wakosoaji wake wamemlaumu kwa kuwasikiliza washindi kuliko walioshindwa. Ukilijua hilo, bado utakisoma kitabu chake, lakini utakuwa macho zaidi unapofika kwenye kurasa zinazowahusu wakulima na wapinzani waliokandamizwa.

Tafuta mambo manne kuhusu mwandishi: kazi aliyowahi kuifanya, chama au harakati aliyoiunga mkono, aliyegharimia utafiti wake, na nafasi yake katika matukio anayoyaeleza. Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, na mwaka 1909 alichapisha kitabu chake kuhusu vita hivyo. Kuhusu amri zilizotolewa na mahali vikosi vilikopelekwa, yeye ni shahidi wa karibu ambaye hatuwezi kumpuuza. Kuhusu sababu za watu kuinuka na uhalali wa kuteketeza mashamba na maghala yao, ni mshtakiwa anayejiandikia hukumu. Mtu huyohuyo, katika kitabu hichohicho, anastahili kuaminiwa kwa viwango tofauti kulingana na jambo analolisema, na msomaji anayetaka jibu moja la “namwamini” au “simwamini” anajinyima sehemu kubwa ya faida ya kusoma.

Baada ya mwandishi, tazama mwaka wa kuchapishwa. Kila kitabu cha historia kina nyakati mbili: ule unaosimuliwa na ule ambamo kiliandikwa, na wa pili huupaka rangi wa kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikusanya ushuhuda wa wazee waliovikumbuka Vita vya Maji Maji. Kazi hiyo iliokoa kumbukumbu ambazo zingepotea pamoja na wenyewe, na thamani yake haijapungua. Lakini ilifanyika katika taifa changa lililokuwa likitafuta mizizi ya umoja wake, na ni jambo la kueleweka kwamba vita hivyo vilionekana kuwa mtangulizi wa harakati za kudai uhuru. Wanahistoria wa baadaye walirudi na kuuliza kama sababu za kila eneo, kwa mfano ugomvi wa watawala wa mahali, mashamba ya pamba, wanyama waharibifu na udhibiti wa misitu, hazikumezwa na simulizi hiyo moja kubwa. Kazi ya mwanzo haikuwa na udanganyifu wowote, bali wakati wake ulikuwa na swali lake.

Hatua ya pili: soma kingo za kitabu kabla ya kiini chake

Dibaji, shukrani, yaliyomo na faharasa husomwa kwa nusu saa tu, na mara nyingi hufichua zaidi ya sura nzima. Katika dibaji mwandishi mwaminifu hukuambia anamwandikia nani. Walter Rodney, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, alieleza waziwazi kwamba analenga kuwafikia Waafrika wanaotaka kuelewa unyonyaji wanaofanyiwa, wala si kuviridhisha vigezo vya wanazuoni waliowasemea wakandamizaji. Nakipenda kitabu hicho na nimekirudia mara nyingi. Tamko hilo linanipa heshima kwa mwandishi na pia linanipa wajibu, kwa sababu aliyeniambia mapema kwamba anajenga hoja amenipa ruhusa ya kuipima hoja hiyo, wala hakuniahidi kwamba atazieleza kwa upana hoja za upande wa pili.

Katika yaliyomo, angalia hasa simulizi inaanzia wapi na kuishia wapi, kwa maana anayechagua mwanzo ameshachagua mchokozi na mchokozwa. Vita Kuu ya Pili ya Dunia, katika vitabu vingi vya Ulaya, huanza tarehe 1 Septemba 1939 Ujerumani ilipoivamia Poland. Kwa Mchina, ni rahisi kuianza Julai 1937, na anayeitazama kutoka Ethiopia anaweza kuianza Oktoba 1935, majeshi ya Italia yalipovuka mpaka. Katika Umoja wa Kisovieti simulizi iliyotukuzwa ilikuwa ya “Vita Kuu ya Kizalendo,” inayoanza tarehe 22 Juni 1941, siku ya uvamizi wa Ujerumani. Mwanzo huo ni wa kweli na maumivu yake ni ya kweli, lakini unauacha nje ya mlango mkataba wa Agosti 1939 kati ya Moscow na Berlin, pamoja na majeshi ya Kisovieti kuingia mashariki mwa Poland mwezi uliofuata. Kwa hiyo, kila unapofungua sura ya kwanza, jiulize ni nini kilichotokea miaka mitano kabla ya tarehe hiyo.

Faharasa nayo itumie kwa kutafuta majina usiyotarajia kukosekana. Mapinduzi ya Haiti yaliyoanza mwaka 1791, ambayo kwayo watumwa waliwashinda mabwana wao na kuunda dola mwaka 1804, yanaonekana kwa nadra mno katika historia mashuhuri ya Eric Hobsbawm kuhusu zama za mapinduzi, kama alivyobainisha mwanahistoria Mhaiti Michel-Rolph Trouillot. Hobsbawm alikuwa Mkomunisti aliyewaonea huruma wanyonge, na katika nadharia yake hapakuwa na kitu cha kumzuia kuyasimulia mapinduzi ya watumwa. Mfano huo unafundisha kwamba itikadi ya mwandishi haikuambii kila kitu, kwa sababu yapo mazoea ya kutazama, yaliyotokana na elimu na mahali, yanayoshirikiwa na watu wa vyama vinavyopingana.

Hatua ya tatu: yapime majina na vitenzi

Soma ukiwa na penseli na uzungushie kila jina linalopewa tukio au kundi la watu. Mwaka 1888 watu wa pwani ya Afrika Mashariki walipoinuka dhidi ya Kampuni ya Kijerumani, Wajerumani waliuita mwinuko huo “uasi wa Waarabu.” Jina hilo lilikuwa na kazi: liliiwezesha serikali ya Bismarck, kansela wa Ujerumani, kuieleza vita kama kampeni ya kukomesha biashara ya watumwa, na Januari 1889 Bunge la Ujerumani likaidhinisha maki milioni 2. Wengi walioinuka, kuanzia wapagazi hadi majumbe, hawakuwa Waarabu. Mshairi Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi kuhusu vita vilevile, na jina la utenzi huo linasema kwamba ni vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kutamalaki Mrima, yaani pwani hiyo. Katika jina la kwanza mtendaji ni Mwarabu muasi, na katika la pili mtendaji ni Mdachi mtekaji. Vivyo hivyo matukio ya India ya mwaka 1857, ambayo Waingereza waliyaita uasi wa askari, yaliitwa vita vya uhuru na Savarkar, mwanaharakati wa Kihindi aliyepinga utawala wa Uingereza, mwaka 1909, naye aliliteua jina hilo ili liwachochee wasomaji wa wakati wake.

Kwa vitenzi, Kiswahili kinampa msomaji makini msaada mkubwa, kwa sababu kauli za kitenzi zinaonyesha wazi mtendaji amewekwa wapi. “Askari waliwaua wanakijiji 40,” “wanakijiji 40 waliuawa,” “wanakijiji 40 walikufa,” na “maisha ya watu 40 yalipotea” ni ngazi nne za kumwondoa muuaji kwenye tukio. Usikimbilie kulaumu kila kauli ya kutendwa, kwani pengine muuaji hajulikani. Linganisha badala yake: je, mwandishi huwataja watendaji anapoeleza maovu ya upande mmoja, kisha huwasahau anapofika kwenye maovu ya upande wa pili? Andika mifano pembeni mwa ukurasa katika sura mbili au tatu. Ukikuta mtindo unaojirudia, hapo una ushahidi wa mwegemeo, na ni ushahidi imara kuliko hisia uliyoipata kwa kusoma jalada.

Hatua ya nne: tenganisha tukio, tafsiri na hukumu

Chukua sentensi kama hii: “Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo ya Afrika Mashariki, kwa kuwa Uingereza ilihofia usalama wa njia ya kuelekea India, na huo ulikuwa usaliti dhidi ya Sultani wa Zanzibar.” Sehemu ya kwanza ni tukio linaloweza kuthibitishwa kwa hati. Sehemu ya pili ni tafsiri ya sababu, inayohitaji ushahidi wa barua na mijadala ya serikali. Sehemu ya tatu ni hukumu ya kimaadili, ambayo unaweza kuikubali au kuikataa bila kubadilisha chochote katika sehemu ya kwanza. Waandishi stadi huziunganisha sehemu hizo kwa ufasaha kiasi kwamba uhakika wa tukio hutiririka hadi kwenye hukumu. Weka herufi T (tukio), F (tafsiri) au H (hukumu) pembeni mwa aya muhimu kwa siku chache, na baada ya hapo jicho lako litazoea kuzitenganisha bila herufi.

Hatua ya tano: zifuate tanbihi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wasomaji wengi wanapokata tamaa mapema mno. Tanbihi nyingi si ithibati ya uaminifu. Mwandishi David Irving alisifiwa kwa miaka mingi kwa wingi wa nyaraka alizozitumia, hadi alipomshtaki mwanahistoria Deborah Lipstadt kwa kumwita mkanushaji wa mauaji ya Wayahudi. Kesi ilisikilizwa London mwaka 2000. Mwanahistoria Richard Evans, akisaidiwa na watafiti wawili, alikuwa amezifuata tanbihi za Irving moja baada ya nyingine hadi kwenye hati zenyewe, na kuandika ripoti ya kurasa zaidi ya 700. Mfano mmoja unatosha. Katika kumbukumbu za simu za Himmler, mkuu wa kikosi cha SS cha Wanazi, za tarehe 30 Novemba 1941 kuna maneno machache yanayohusu msafara mmoja wa Wayahudi kutoka Berlin, kwamba usiangamizwe. Irving aliyatumia maneno hayo kudai kwamba Hitler aliamuru Wayahudi kwa jumla wasiuawe. Hati ilikuwepo, tarehe ilikuwa sahihi, na tanbihi ilikuwa mahali pake, lakini treni moja iligeuzwa kuwa watu wote. Jaji aliamua kwamba Irving aliupotosha ushahidi kwa makusudi na kwa sababu za kiitikadi.

Msomaji wa kawaida hawezi kufanya kazi ya miaka ya watafiti watatu, wala haihitajiki. Chagua madai matatu hadi matano ambayo yakianguka hoja nzima ya kitabu inaanguka, kisha fuata tanbihi za madai hayo tu. Uliza kama chanzo kilichotajwa kinapatikana, kama kinasema kile anachodai mwandishi, na kama maneno yaliyonukuliwa yamekatwa mahali panapobadilisha maana. Pale ambapo hati ya awali imehifadhiwa mbali, soma mapitio ya kitabu hicho katika majarida ya kitaaluma, kwa kuwa wahakiki wenye msimamo tofauti mara nyingi wameshaifanya kazi hiyo kwa bidii ya mpinzani. Kitabu kisicho na tanbihi wala orodha ya vyanzo kisomwe kama masimulizi, na usikitegemee peke yake kwa jambo linalobishaniwa.

Hatua ya sita: iulize kila tarakimu ilikotoka

Tarakimu hupewa heshima kuliko maneno, na ndiyo maana siasa hupenda kujificha ndani yake. Tazama vita vya Mau Mau nchini Kenya. Takwimu za serikali ya kikoloni zilitaja wapiganaji zaidi ya 11,000 waliouawa. Mwaka 2005 Caroline Elkins, katika kitabu chenye huruma ya wazi kwa waliofungiwa kambini, alilinganisha ongezeko la Wakikuyu na la jamii nyingine kati ya sensa za mwaka 1948 na 1962, akadai kwamba watu kati ya 130,000 na 300,000 hawaonekani katika hesabu. Mwaka 2007 mtaalamu wa takwimu za idadi ya watu, John Blacker, aliyezifahamu sensa hizo kwa karibu, alionyesha kasoro za ulinganisho huo na kukadiria vifo vya ziada vipatavyo 50,000, zaidi ya nusu vikiwa vya watoto wenye umri chini ya miaka 10.

Ona kwanza kwamba tarakimu hizo hazijibu swali moja. Ya serikali inawahesabu waliouawa kama wapiganaji, na ya Blacker inahesabu kila kifo kilichozidi kiwango cha kawaida, pamoja na vya njaa na maradhi. Ona pia kwamba kusahihishwa kwa Elkins hakukuisafisha serikali, maana watoto wale walikufa chini ya sera za kuwakusanya watu vijijini kwa nguvu. Mwaka 2011 ilibainika kwamba Uingereza ilikuwa imeficha maelfu ya faili za kikoloni, na mwaka 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 baada ya kutambua kwamba mateso yalifanyika. Mwandishi mwenye msimamo aliona sawasawa jambo kubwa ambalo ripoti rasmi ya mwaka 1960, iliyoagizwa na serikali yenyewe, haikulikabili, na wakati huohuo alikosea katika hesabu. Msomaji makini anayashika yote mawili.

Hatua ya saba: tafuta kitabu kinachopinga, lakini usitafute katikati

Baada ya kumaliza, soma kitabu kingine kuhusu jambo lilelile kilichoandikwa na mtu wa msimamo tofauti, au wa nchi iliyokuwa upande wa pili. Weka alama penye mambo ambayo wote wawili wanayakubali, hasa pale ambapo kukubali kunamgharimu anayekubali. Gavana anayekiri kwamba njaa iliua kuliko risasi, au mwanaharakati anayekiri kwamba wapiganaji wake waliwaua raia, ametoa ushahidi mzito kuliko kurasa 10 za kujisifu.

Lipo kosa linalowapata watu wema wanaopenda usawa, nalo ni kudhani kwamba ukweli hukaa katikati ya pande mbili. Kuhusu mashambulizi ya anga dhidi ya Dresden ya Februari 1945, Irving aliandika mwaka 1963 kwamba waliokufa walikuwa 135,000. Tume ya wanahistoria iliyoteuliwa na jiji hilo ilihitimisha mwaka 2010 kwamba hawakuzidi 25,000. Anayechukua wastani atapata 80,000, tarakimu isiyo na ushahidi wa upande wowote. Kazi yako ni kupima vyanzo, na pengine vyanzo vitaegemea upande mmoja kabisa.

Hatua ya nane: jichunguze wewe unayesoma

Mwanahistoria Mwarabu Ibn Khaldun, katika utangulizi wa historia yake alioukamilisha mwaka 1377, aliyataja mapenzi ya mtu kwa rai na madhehebu yake kuwa sababu ya kwanza ya uongo kuingia katika habari, kwa maana nafsi iliyoegemea upande huipokea papo hapo habari inayoafikiana nayo. Aliongeza kipimo cha akili ya kawaida: habari kwamba Musa aliongoza jeshi la watu 600,000 au zaidi aliikataa kwa kuuliza ni nchi gani ingeweza kulilisha, na ni uwanja gani lingeweza kupigania bila upande mmoja kupoteza habari za upande wa pili.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kitabu, andika katika daftari aya moja inayoeleza unachoamini tayari kuhusu jambo hilo na ungependa kitabu kiseme nini. Katika kusoma, tanbihi utakazozifuata kwa bidii zaidi ziwe za madai yaliyokufurahisha, kwa kuwa yale yaliyokuudhi utayachunguza hata bila kuambiwa. Ukimaliza, andika muhtasari wa hoja ya mwandishi kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeikubali kuwa ni ya haki, na chini yake andika ushahidi ambao hakuujibu. Baada ya kitabu cha pili, irudie aya ya kwanza. Sentensi ambayo sasa ungeiandika tofauti, iandike upya chini yake pamoja na tarehe na ukurasa uliokubadilisha, na usiifute ile ya awali.